Neno "Ploti" katika Kiswahili cha Malindi na Kilifi: Maana, Matumizi na Nafasi Yake katika Kamusi

1. Utangulizi

Maneno ambayo Kiswahili kimeyakopa kutoka Kiingereza huchunguzwa zaidi kwa upande wa sauti na wa sarufi: jinsi konsonanti zinavyoachanishwa kwa irabu, jinsi neno linavyopata irabu ya mwisho, na ngeli ambamo linaingizwa. Upande wa maana hutajwa kwa ufupi tu. Hudhaniwa kwamba neno la mkopo hufika na maana yake yote, kama shehena ishukavyo bandarini, na kwamba kazi ya mtunga kamusi ni kulitafutia kisawe chake cha zamani basi.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba dhana hiyo si sahihi, kwa kulichunguza neno moja la kila siku, yaani "ploti", kama linavyotumika katika pwani ya Malindi na Kilifi. Neno la Kiingereza "plot" lina maana kadhaa zilizo mbali na kila moja. Kiswahili cha pwani hiyo kilichukua moja tu, kikaziacha nyingine, kisha kikazaa maana mpya ambazo Kiingereza chenyewe hakina. Aidha, ile maana moja iliyochukuliwa hailingani na neno lolote la asili. Atakayeifasiri ploti kwa "kiwanja" au kwa "shamba" atakuwa amekosea. Na katika eneo ambalo watu wengi huishi juu ya ardhi wasiyokuwa na hati yake, kosa la namna hiyo haliishii katika kurasa za kamusi. Laweza kumgharimu mtu makao yake.

2. "Plot" katika Kiingereza

Katika Kiingereza cha kale neno hili lilitaja kipande kidogo cha ardhi. Katika karne ya 16 maana yake ilipanuka: likatumika pia kwa mchoro wa kipande hicho, yaani ramani ya ardhi au ya jengo. Kutoka mchoro kukapatikana mpango, na kutoka mpango kukapatikana matawi mawili. Tawi la kwanza ni mpango wa siri wa kudhuru, ambao Kiswahili huuita njama. Hapa Kiingereza kilisaidiwa na neno jingine la Kifaransa, "complot", lililofanana nalo kwa sauti na kwa maana. Njama mashuhuri ya mwaka 1605 ya kutaka kulipua bunge la Uingereza kwa baruti huitwa kwa neno hilohilo. Tawi la pili ni mpango wa matukio katika tamthilia au hadithi, nalo lilikomaa katika karne ya 17. Kitenzi chake kikaendelea na kazi ya ramani: nahodha huitia njia ya chombo chake katika ramani ya bahari, na mwanahesabu huyatia matokeo yake katika grafu.

Kwa hiyo Mwingereza ana neno moja kwa ardhi, ramani, njama na hadithi. Kinachoziunganisha maana hizo ni ule mchoro: ardhi huchorwa, na kinachochorwa huweza kupangwa. Jambo hili lafaa kukumbukwa, kwani ndilo litakaloeleza kwa nini ploti ya Kilifi si sawa na shamba la Kilifi.

3. Msamiati wa ardhi uliotangulia

Haikuwa kwa ukosefu wa maneno kwamba Kiswahili kiliipokea ploti. Lugha ilikuwa na hazina kubwa ya maneno ya ardhi, na kila neno lilikuwa na mahali pake.

Shamba ni ardhi yenye mimea, na aghalabu hutajwa pamoja na kilichopandwa: shamba la minazi, shamba la mikorosho, shamba la mahindi. Konde ni sehemu iliyolimwa. Weu ni mahali palipofyekwa pakangoja kupandwa. Jaluba ni tuta lililozungushiwa kwa kilimo cha mpunga. Kiunga ni ardhi ya pambizoni mwa mji yenye miti ya matunda na nyumba chache. Kiambo ni makao ya watu wa jamaa moja, na mahame ni makao yaliyoachwa. Kiwanja ni mahali peupe, palipo tayari kujengwa au kuchezewa. Kitalu ni sehemu iliyozungushiwa ukuta au uzio.

Neno lililo karibu zaidi na ploti kwa umbo la maana ni ngwe. Asili yake ni ugwe, yaani kamba nyembamba. Na ngwe ni sehemu ya shamba aliyopimiwa mtu ailime. Kwa hiyo si kweli kwamba Waswahili hawakuwa na dhana ya ardhi iliyopimwa. Tofauti ni kwamba ngwe hupima kazi. Mtu humaliza ngwe yake, akaingia ngwe nyingine. Ndiyo sababu neno hilo limehamia hata katika mazungumzo ya uongozi, ambapo hutajwa ngwe ya kwanza na ngwe ya pili ya utawala. Hakuna asemaye kwamba ameinunua ngwe.

Lugha za Wamijikenda zinazopakana na Kiswahili katika eneo hili zina mtazamo unaofanana na huo. Kigiriama husema munda kwa shamba, na mudzi kwa makao ya jamaa. Maneno hayo yote, ya Kiswahili na ya Kigiriama, huitambulisha ardhi kwa kile kilichofanywa juu yake: imelimwa, imefyekwa, imezungushiwa, imekaliwa, imehamwa. Hakuna hata moja linaloitambulisha kwa nambari.

Jambo jingine la kuzingatiwa ni kwamba katika pwani hii ardhi na kilichosimama juu yake si lazima viwe vya mtu mmoja. Minazi huweza kuwa ya mtu huyu na udongo ukawa wa mwingine. Minazi ikawekwa rehani bila ya ardhi kuguswa. Vivyo hivyo katika miji, tangu Mombasa hadi Malindi, kuna nyumba ambazo mwenyewe humiliki kuta na paa lakini humlipa mwenye ardhi kodi ya mahali zilipojengwa. Kwa mazoea hayo, swali "hii ni mali ya nani?" halina jibu moja mpaka ijulikane kinachoulizwa ni mti, nyumba au udongo.

4. Jinsi ploti ilivyoingia

Ploti iliingia kwa mlango wa ofisi. Mwaka 1895 Uingereza ilikubaliana na Sultani wa Unguja kuitawala kwa niaba yake sehemu ya pwani iliyokuwa miliki yake, yaani ule ukanda wa maili kumi. Mwaka 1908 ikatungwa sheria ya hati za ardhi. Sheria hiyo ilimtaka kila mwenye kudai ardhi ndani ya ukanda huo afike mbele ya msajili, aeleze mipaka yake na kuthibitisha haki yake. Ardhi isiyodaiwa ilihesabiwa kuwa ya serikali ya kikoloni. Waliokuwa mijini, wenye kujua kusoma na wenye mashahidi wa mikataba, walidai. Wamijikenda walio wengi, ambao haki yao ilijulikana kwa kulima, kuzika na kukaa, hawakudai. Methali isemayo "mali bila daftari hupotea bila habari" ilitungwa kwa wafanyabiashara, lakini hapa iliwapata wakulima.

Mwaka 1914 Wagiriama waliamriwa kuhama kaskazini ya mto Sabaki, wakapinga, na upinzani huo ambao jina la Mekatilili wa Menza limeambatana nao ukavunjwa kwa nguvu za silaha. Baada ya uhuru wa 1963 hati zilizokwisha kusajiliwa pwani ziliendelea kutambuliwa. Hivyo basi maelfu ya watu walijikuta wakikaa, kizazi baada ya kizazi, juu ya ardhi ambayo katika daftari ni ya mtu mwingine au ya serikali. Watu hao walipewa jina ambalo nalo ni la mkopo: skwota. Katika Kiingereza jina hilo linatokana na kitenzi cha kuchutama. Yaani aliyezaliwa mahali na kuzikiwa babu zake hapo huitwa kwa neno la mtu aliyechutama kwa muda tu. Skwota na ploti ni maneno pacha. Yalitoka katika ofisi moja, na kila moja hueleweka vizuri zaidi likiwekwa mkabala na mwenzake: mwenye ploti ni yule asiyekuwa skwota.

Serikali ya Kenya huru ilijaribu kuliondoa tatizo hilo kwa mipango ya makazi, ambayo wenyeji waliiita skimu. Skimu ilikata ardhi kwa mistari na kumpa kila mwenye familia ploti yenye nambari. Mfano unaojulikana ni mradi wa Magarini, kaskazini ya Sabaki, uliosaidiwa na Australia kuanzia miaka ya 1970. Wapangaji wa mradi walitaka mkulima akae na kulima ndani ya mipaka ya ploti yake. Wagiriama wa huko walizoea kulima sehemu kwa miaka michache, kuiacha ardhi ipumzike, na kufyeka kwingine. Miongoni mwa mambo yaliyoushinda mradi huo ni hilo: munda huweza kuhama, ploti haiwezi.

Wakati huohuo ufuo wa bahari ulikuwa ukipata thamani mpya. Malindi ilikuwa na hoteli za wageni tangu miaka ya 1930, na utalii ulipokua baada ya uhuru, ardhi ya ufuoni iliyokuwa ikithaminiwa na wavuvi kwa kuanikia nyavu ikawa ghali kuliko shamba lolote la bara. Ripoti ya tume iliyochunguza ugawaji haramu wa ardhi ya umma nchini Kenya, iliyotolewa mwaka 2004 na kujulikana kwa jina la mwenyekiti wake, Ndung'u, iligusa pia ardhi za ufuoni. Mahali hapo ndipo msemo "bichi ploti" ulipostawi.

5. Matumizi ya sasa

Mtu akiyasikiliza mazungumzo ya kawaida ya Malindi, Watamu, Kilifi, Mtwapa au Mariakani ataweza kuyatenga matumizi yafuatayo.

Kwanza, ploti ni kipande cha ardhi kilichokatwa kutoka eneo kubwa zaidi kwa ajili ya kuuzwa na kujengwa:

(a) Shamba la marehemu limekatwa ploti.
(b) Nimepata ploti ya hamsini kwa mia karibu na barabara.

Kipimo cha (b) ni futi 50 kwa 100, yaani pungufu kidogo ya thumuni ya ekari. Kipimo hicho kimezoeleka mno hata watu wengi, wasikiapo "ploti" bila maelezo, hukidhania hicho. Mfano (a) nao unaonyesha jambo muhimu: shamba likikatwa huwa ploti, lakini ploti zikiunganishwa hazisemwi kuwa zimekuwa shamba mpaka zipandwe kitu.

Pili, ploti ni sehemu aliyogawiwa mtu katika skimu, ambayo yaweza kuwa ya ekari kadhaa na yenye mimea:

(c) Ploti yetu ya skimu ina minazi na miembe.

Tatu, ploti ni ardhi ya ufuoni, nayo hutajwa kwa safu: safu ya kwanza ni ile inayogusa bahari, na ya pili ni ile iliyo nyuma yake. Msemo "bichi ploti" umehifadhi mpangilio wa Kiingereza, wa neno la kufafanua kutangulia nomino. Wapo wanaoupanga upya kwa sarufi ya Kiswahili, wakasema "ploti ya bichi".

Nne, ploti ni majengo ya vyumba vya kupangisha vilivyozunguka ua mmoja:

(d) Wanakaa ploti moja, choo kimoja, mfereji mmoja.
(e) Mwenye ploti amepandisha kodi.

Maana hii imeenea katika miji ya Kenya kwa jumla, na Kiingereza sanifu hakina. Hapa ploti si ardhi tena bali ni majengo, na zaidi ya majengo ni jamii ndogo ya wapangaji: husemwa "watu wa ploti", na "mambo ya ploti" ni ugomvi na masengenyo ya majirani.

Tano, katika lugha ya vijana wa mijini ploti ni mpango wa starehe: "Ploti ya jioni ni gani?" Hapa maana ya kale ya "mpango" iliyoachwa na wazee imerudi kwa mlango mwingine.

Matumizi (d) na (e) yakiwekwa pamoja na yale mazoea ya nyumba isiyo na ardhi, utata mkubwa hutokea. Mtu akisema "mwenye ploti amekuja", huenda akawa mwenye vyumba anayedai kodi ya mwezi, au mwenye ardhi anayemdai yule mwenye vyumba kodi ya ardhi, au mnunuzi mpya mwenye hati ya eneo zima, aliyekuja na mpima ardhi kupanda bikoni. Wasemaji wa zamani waliyatenganisha mambo hayo kwa kusema mwenye nyumba na mwenye ardhi. Ploti imewafunika wote wawili kwa neno moja, na anayelisikia neno hilo hajui kama atahama chumba au kama nyumba nzima itabomolewa.

6. Neno katika sarufi

Ploti limehifadhi mfululizo wa konsonanti "pl" bila ya kuuvunja, kama yalivyofanya plau na plasta, na kinyume cha gilasi, kilabu na dereva, ambayo yalitiwa irabu. Limepata irabu ya mwisho "-i" kama ilivyo kawaida ya maneno yenye kuishia kwa "t": shati, koti, tiketi.

Kwa upatanisho, neno liko katika ngeli ya i-/zi-: ploti hii, ploti hizi. Lakini wingi wa "maploti" nao husikika sana, hasa panapokusudiwa wingi usiohesabika au wenye kustaajabisha: "Ana maploti kila mahali." Udogo wake ni "kiploti", na mara nyingi mwenyewe ndiye anayelitumia neno hilo kwa unyenyekevu.

Kwa upande wa mahali, shamba na kiwanja hupokea kiambishi "-ni" bila ya taabu: shambani, kiwanjani. Plotini husikika kwa nadra. Wasemaji hupendelea "kwenye ploti". Tena, mtu akisema "niko shambani" humaanisha pia kazi na maisha ya huko. Akisema "niko kwenye ploti" hutaja mahali alipo tu. Neno limeingia katika sarufi, lakini bado halijakaa ndani yake kama mwenyeji.

Ushahidi mzito zaidi wa maana yake umeandikwa kwenye kuta. Katika sehemu nyingi za Kenya, pamoja na pwani, huonekana maandishi ya rangi yasemayo "Ploti hii haiuzwi". Maandishi hayo yanawaonya wanunuzi wasije wakauziwa na walaghai ardhi ambayo mwenyewe hajaitoa sokoni. Kwa mwanaisimu yanafundisha jambo jingine. Jambo hukanushwa pale linapotarajiwa. Hakuna aonaye haja ya kuandika kwamba kiambo hakiuzwi, au kwamba ngwe haiuzwi, kwa sababu kuuzwa si sehemu ya maana ya maneno hayo. Katika ploti, kuuzika kumo ndani ya neno lenyewe, hata inambidi mwenye nayo aliondoe kwa rangi na brashi.

7. Ploti ya wahakiki

Neno hilihili liliingia Kiswahili mara ya pili, kwa mlango wa chuo. Wahakiki wa fasihi walipohitaji istilahi ya mpango wa matukio katika riwaya na tamthilia, baadhi yao walisema ploti, wengine wakasema msuko, na wengine mtiririko au mpangilio wa matukio. Istilahi hizo zimeendelea kutumika bega kwa bega.

Mtiririko haukidhi haja. E. M. Forster, katika kitabu chake cha 1927 kuhusu riwaya, alitenganisha mfululizo wa matukio kwa wakati na mfuatano wake kwa sababu. Tofauti hiyo yaweza kuelezwa kwa mfano wa pwani. "Mzee alifariki, kisha minazi ikakatwa" ni mtiririko. "Mzee alifariki, kisha minazi ikakatwa, kwa kuwa hati ilikuwa ya udongo na hakuna aliyeandika kwamba miti ni yake" ni kile ambacho Forster alikiita kwa neno la Kiingereza linalojadiliwa hapa.

Ploti yenyewe hubeba maana hiyo kwa msomaji ajuaye Kiingereza. Kwa mwanafunzi aliyekulia Kilifi, neno hilo limekwisha kujaa: ni futi 50 kwa 100. Akiambiwa aeleze ploti ya riwaya, hana budi kujifunza upya neno alilolijua tangu utotoni, na hakuna cha kumsaidia kuvuka kutoka maana moja hadi nyingine, kwa sababu daraja lililokuwapo katika Kiingereza, yaani mchoro na mpango, halikuvushwa. Msuko hauna kikwazo hicho. Kila aliyemwona mwanamke akisuka ukili wa kutengenezea mkeka anajua kwamba mwaa mmoja hupita juu ya mwingine, hujificha, kisha hutokeza mbele, na kwamba ukivuta mmoja yote hulegea. Hiyo ndiyo sifa ya matukio ya hadithi iliyotungwa vizuri. Kwa hiyo yafaa msuko upewe nafasi ya kwanza katika uhakiki, njama ibaki kwa maana ya hila, na ploti iachiwe ardhi.

8. Ploti katika kamusi

Yapo maoni ya aina mbili ambayo mtunga kamusi hana budi kuyajibu. Maoni ya kwanza husema kwamba ploti ni neno la mitaani lisilohitajika, kwa kuwa Kiswahili kina kiwanja. Wenye maoni hayo hutoa mfano wa Tanzania, ambako kiwanja na kitalu ni istilahi za ofisi za ardhi: anwani ya ardhi ya mjini hutajwa kwa nambari ya kiwanja na herufi ya kitalu. Mfano huo ni wa kweli, lakini una sababu zake. Huko Kiswahili kilitumika katika utawala tangu mapema, hata maneno ya asili yakapata maana ya kiofisi kidogo kidogo. Na ardhi kwa sheria ni mali ya umma, ambayo raia hupewa haki ya kuitumia. Katika Kenya shughuli za hati zilifanywa kwa Kiingereza, na kiwanja kikabaki na maana yake ya mahali peupe. Aidha, kiwanja hakiwezi kutaja ploti ya skimu yenye minazi ya mfano (c), wala ua wa wapangaji wa mfano (d). Kulifuta neno hakutakifuta kilichotajwa nalo.

Maoni ya pili huikubali ploti, lakini huiandika kwa mkato: "ploti: shamba, kiwanja". Hili ni kosa lenye hatari zaidi, kwa sababu linaonekana kama usahihi. Tuseme mzee mmoja ametia kidole cha gumba katika karatasi ya kuuza ploti, na karatasi hiyo ikatafsiriwa kwa neno "shamba". Kwa mazoea yake, aliyeuza sehemu ya shamba hakuuza lazima minazi iliyomo, wala kaburi la mama yake, wala njia ya kwendea kisimani. Kwa sheria iliyofuata mkondo wa Kiingereza, kilichoshikamana na ardhi huhesabiwa kuwa sehemu ya ardhi. Mwenye hati ya ploti amepata vyote vilivyo ndani ya mistari isipokuwa vilivyotengwa kwa maandishi. Wawili hao hawakukubaliana jambo moja. Walikubaliana neno moja.

Katiba ya Kenya ya 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza, na sheria mpya za ardhi na za usajili wake zilitungwa mwaka 2012. Kaunti ya Kilifi, ambayo tangu 2013 imeijumuisha Malindi, ina baraza na mahakama ambamo mambo ya ardhi huzungumzwa kwa Kiswahili kila siku. Wakalimani na makarani wa huko wanahitaji kamusi inayoeleza neno lilivyo. Kidahizo chake chaweza kuandikwa hivi:

ploti nm [i-/zi-], pia maploti [ya-]. 1 kipande cha ardhi kilichokatwa kwa mipaka na kujulikana kwa nambari au kipimo chake, aghalabu kwa kuuzwa au kujengwa; hutofautiana na shamba, ambalo hujulikana kwa kilimo, na kiwanja, ambacho ni mahali peupe. 2 (Kenya) sehemu ya ardhi aliyogawiwa mtu katika skimu. 3 (Kenya) majengo ya vyumba vya kupangisha katika ua mmoja. Mwenye ploti: mwenye majengo hayo, au mwenye ardhi yalipojengwa. 4 (mitaani) mpango wa starehe. 5 (fasihi) taz. msuko.

9. Hitimisho

Uchunguzi wa neno hili moja unaonyesha kwamba mkopo wa neno ni uchaguzi. Wasemaji wa Malindi na Kilifi hawakuhitaji neno la njama, kwa kuwa walikuwa nalo. Wala la hadithi, kwa kuwa walijua kusuka. Walichokosa ni neno la ardhi iliyotengwa na mimea yake, makaburi yake na watu wake, ikabaki mistari na nambari. Kitu hicho kililetwa kwao, nao wakakiita kwa jina kilichokuja nalo. Kwa kutolitumia neno shamba kwa kitu hicho, wasemaji wa kawaida walikuwa waangalifu kuliko baadhi ya wafasiri. Kazi iliyobaki kwa wanaoifundisha lugha na kuitungia kamusi ni kuuhifadhi uangalifu huo, ili anayetia sahihi ajue anachouza, na anayeulizwa kama ana ploti aweze kujibu kwamba hana, ila ana shamba.